Wasiosalimia

Mwaka ule wa themanini na tatu, sukari ikiulizwa kwa kunong'ona na sabuni ikifichwa chini ya kitanda, Pelagia Wanzagi alitaka jambo moja tu: kuhamia Bunda. Hakutaka cheo. Hakutaka vitenge vya magendo kama wenzake. Mumewe, Felisian, alikuwa mtunza ghala kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba huko Bunda. Yeye alikuwa opereta wa simu Musoma mjini, amepanga chumba Nyasho. Binti yao Esta, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto, alilelewa na bibi yake mzaa baba, Mama Dorotea, kijijini Buswahili, kwa sababu kule angalau kulikuwa na maziwa. Watu watatu, nyumba tatu. Ndoa yao ilitegemea basi, basi likategemea dizeli, na dizeli ilikuwa haimjui mtu. Wakikaa muda mrefu bila kuonana, Felisian alikuwa anaomba simu ya ofisini kwake, anapiga, anasema, "Mama Esta, mimi bado nipo," halafu wanacheka wote wawili, maana simu ilikuwa ya ofisi na mengine hayasemeki mbele ya karani.

Alishaomba uhamisho mpaka mkuu wake wa kazi, Bwana Florian, akawa anamjibu kabla hajafungua mdomo. "Bunda hakuna nafasi, mama. Ikipatikana nitakuita." Ilipopatikana, alipewa mpwa wa mtu. Pelagia alilia chooni, akanawa, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Ndivyo kazi za mshahara zilivyokuwa wakati ule, na wanaosema zamani kulikuwa na haki nadhani walikuwa na wajomba.

Chumba cha simu kilikuwa na ubao mpana wenye matundu safu kwa safu, kila tundu na mwenyewe: duka, misheni, hospitali, ofisi, miji ya jirani. Simu ikiingia, kijitaa kinawaka. Opereta anachomeka waya, anauliza anatakiwa nani, anachomeka waya wa pili kwa anayetakiwa, watu wanaongea. Hata Bunda akitaka kuongea na Butiama, ilibidi apitie mikononi mwa Musoma. Palikuwa pia na swichi ndogo ya kusikiliza, iliyowekwa ili opereta ajue kama wenye simu wamemaliza. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Lakini sikio halilali na njaa, na maopereta wote walijua nani ana mchumba wa siri Tarime na nani amefilisika. Walijua wakanyamaza. Unyamavu ule ndio uliokuwa heshima ya kazi yao, na Pelagia aliulinda vizuri mpaka siku alipokuja Bwana Magige.

Bwana Magige alikuwa mtu wa kamati, moja ya zile zilizochipuka kila mahali vita dhidi ya walanguzi vilipotangazwa. Alivaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali. Akaingia, akafunga mlango, akasema bidhaa za wananchi zinakwenda mpakani kwa malori, na mipango yote inapangwa humu humu, kwenye hizi nyaya. Akataka kila simu isikilizwe. Kila atakayetaja sukari, sabuni, unga, dizeli au lori aripotiwe kwake siku hiyo hiyo.

Bwana Florian alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mzee, hapa watu wanaongea kwa mkupuo. Ukimsikiliza mmoja mpaka mwisho, wengine wote wameshamaliza na kuondoka. Na hiyo sukari, nani haitaji? Siku hizi hata padri akipiga simu anaulizaga sukari."

"Sijaja kufundishwa kushindwa," alisema Magige. Akamgeukia Pelagia, ambaye sifa za sikio lake alikuwa ameshazisikia; ilisemekana ukipiga simu mara moja tu, ukirudi baada ya mwaka atakuita kwa jina. "Mama, nasikia unataka Bunda. Nikamatie lori moja la maana, mimi mwenyewe nitasimamia uhamisho wako. Mwezi hauishi."

Ningependa kusema kwamba Pelagia alisitasita. Hakusitasita. Alifikiria chumba kimoja chenye vitanda viwili, kikubwa na kidogo, akasema ndiyo.

Mwanzo kazi ilimshinda. Alirukia tundu hili, akarukia lile, akasikia vipande vya maneno visivyo na kichwa wala miguu, na jioni kichwa kilimuuma mpaka meno. Ni Bwana Florian aliyemhurumia akamfundisha. Alikuwa mtu wa mitambo tangu enzi za mkoloni, na huko jeshini alishawahi kusikiliza redio za adui. "Usimtafute mwizi," alimwambia. "Utachoka. Mtafute asiye mwizi, umtupe haraka. Simu ikikupa sababu ya kuitupa, itupe pale pale, nenda nyingine. Itakayokosa sababu ya kutupwa, hiyo ndiyo yako."

Pelagia akaenda na neno hilo nyumbani Nyasho, akalala nalo, na asubuhi akaamka nalo limekamilika. Sababu ya kuitupa simu ilikuwa salamu. Watu wa kwetu ukiwapa dakika tatu za simu, mbili na nusu wanasalimiana. Wataulizana ng'ombe, wataulizana mvua, wataulizana mguu wa shangazi ulioteguka mwaka juzi, na kengele ya kumaliza inalia hawajasema walichopigia. Mtu wa namna hiyo hana magendo. Mlanguzi hana muda wa mguu wa shangazi. Kwa hiyo Pelagia alifungua swichi pale tu simu inapounganishwa. Akisikia "shikamoo," anaifunga, anakwenda nyingine. Akisikia "habari za huko," anaifunga. Nyingi zilikufa hapo hapo mlangoni. Zilizobaki, zile zisizosalimia, alizisubiria neno la pili: bidhaa. Lisipokuja mara moja, anaitupa. Likija, anasubiri la tatu: gari. Likija la gari, anakaa hapo sasa, haondoki.

Ilikuwa akili kubwa, tusimnyime haki yake. Mikono ilichomeka na kuchomoa, mdomo ulisema "Musoma, nikusaidie," na sikio lilipepeta simu za mkoa mzima kama mwanamke apepetavyo mchele huku anaongea na jirani. Bwana Florian alimtazama akatikisa kichwa. Sijui kama kilikuwa kichwa cha sifa.

Walioanza kunaswa walikuwa dagaa. Mama mmoja wa Mwisenge na makatoni yake ya sabuni. Mzee wa magunia ya chumvi aliyeshushwa kwenye pikapu na kupigwa makofi mbele ya wake zake. Papa wenyewe hawakuwa na haja ya simu. Walikutana na wakubwa ana kwa ana, wakakaa sebuleni wakanywa soda. Pelagia aliliona hilo, hakuwa mjinga. Alipomwona yule mama wa Mwisenge sokoni anauza maandazi kwenye ungo, alibadili njia, na moyo ulimuuma njia nzima. Kisha akakumbuka Bunda, ukaacha kuuma. Felisian alipopiga simu na kumuuliza mbona siku hizi ana furaha, alimjibu, "Ngoja tu, Baba Esta. Sikwambii. Utaona mwenyewe." Alitaka siku moja ashuke kwenye basi na godoro kichwani, amshtukize.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, jua la mchana limeshika bati. Kijitaa cha Bunda kikawaka, sauti ya mwanamume asiyemfahamu ikaomba duka moja la Butiama. Akaunganisha, akafungua swichi.

"Ni sisi huku," ilisema sauti ya Bunda.

"Tumesikia. Gari imepatikana?" ikajibu ya Butiama.

Hakuna shikamoo. Hakuna habari. Pelagia akaketi wima.

"Imepatikana ile ya pamba. Na dizeli tumepewa."

"Sukari?"

"Karibu nusu gunia. Unga gunia mbili. Mafuta ya taa debe moja. Watu wamechangisha mpaka basi."

"Kibali je?"

"Kibali tutapatia wapi saa hizi? Tunapita hivyo hivyo, Mungu atasaidia. Tunatoka kesho asubuhi. Ila Musoma asijue mtu. Narudia, Musoma asijue mtu mpaka tumefika."

"Hapo tumeelewana."

Ikakatika. Ilikuwa fupi, kavu, haina jina la mtu hata mmoja. Kwa kadiri ya chujio lake Pelagia, hapakuwa na sababu hata ya punje ya kuitupa. Lori lilikuwepo, sukari ilikuwepo, kibali hakikuwepo, na wenyewe kwa midomo yao walikuwa wanawakimbia watu wa Musoma. Akampigia Magige kabla waya wa Butiama haujapoa.

Jioni ile alirudi Nyasho anaimba wimbo wa kwaya. Alimwambia mwenye nyumba kwamba huenda akaacha chumba. Akakipima kitanda kwa macho, kama kitaingia juu ya basi au itabidi kikatwe miguu.

Lori lilisimamishwa kesho yake asubuhi, karibu na Kiabakari, na mgambo wa kizuizi waliokuwa wamepewa habari zake tangu usiku. Ndani walikuta nusu gunia ya sukari, unga, debe la mafuta ya taa, wanaume saba wa kiwanda, na jeneza. Wanaume walisema wanasafirisha maiti. Mgambo wakacheka. Mwezi uliopita, walisema, walanguzi walipita na jeneza limejaa betri za redio. Wakaamuru lifunguliwe. Bernado, mdogo wake marehemu, akakataa, akalala juu ya kifuniko. Wakamvuta kwa miguu. Wakalifungua pale barabarani, mbele ya watu waliokuwa wanakwenda mnadani, na ndani alikuwa Felisian, ambaye Jumatano marobota ya pamba yalimporomokea ghalani.

Ungedhani hapo wangeomba radhi. Sukari ilikuwa haina kibali, na aliyetakiwa kuamua ni Magige, na Magige alikuwa ameenda Tarime kwenye lori jingine. Basi gari likawekwa kituoni juani. Jeneza likakaa ndani yake Ijumaa kutwa na kucha. Ilipofika Jumamosi, hata mgambo wenyewe walikuwa wanalilinda kwa mbali, wamefunga pua kwa leso.

Jumamosi hiyo mchana Bwana Magige aliingia chumba cha simu, mkono ameutanguliza. Pelagia alivua hedifoni, akasimama kuupokea.

"Mama, hongera! Tumewabamba. Sukari ilikuwepo kama ulivyosema." Kisha akapunguza sauti kidogo, lakini tabasamu hakuliondoa. "Ila walikuwa na maiti kweli, bwana. Sijui mtunza ghala wa huko Bunda. Felisian, Felisian sijui nani... Ngolo. Nimeamuru wakazike, haina shida. Sukari yenyewe imebaki."

Alimshika mkono wakati anasema hayo. Alikuwa bado anautikisa.

Kwetu, mtu aliyefiwa haambiwi kwa mbali. Anaambiwa mtoto ana homa kidogo, au baba mkwe anataka kumwona, twende mara moja tutarudi kesho. Anasindikizwa na mtu wa damu. Atashangaa njiani, atauliza, atadanganywa tena. Ukweli atakutana nao mlangoni, akiwa tayari ameshazungukwa na mikono ya kumpokea, ili akianguka asianguke chini. Anayebeba habari hiyo hasalimii watu mpaka aitue. Salamu inakwama kooni, na kila mtu anajua hivyo tangu utotoni. Pelagia alijua. Babu yake alipokufa yeye mwenyewe alitumwa kwa jirani na akaambiwa asiseme shikamoo. Chujio lake lilikamata walanguzi na wafiwa kwa tundu moja, na katika wiki zote zile hakuwahi kuliwazia. Alikuwa na haraka ya kwenda Bunda.

Na Bernado alimjua shemeji yake. Alijua waya wowote utapitia kwake, na sauti yake ataitambua kabla hajamaliza neno. Ndiyo maana alimtuma karani mgeni, Renatus, aongee badala yake na ndugu waliokuwa wanasubiri dukani Butiama, akamkataza kutaja jina la yeyote. Mpango ulikuwa wafikishe mwili Buswahili, kisha Bernado arudi na lori hilo hilo Musoma, aende posta, amwambie shemeji mtoto ana homa kidogo. Walijipanga namna hiyo kwa kumpenda. Musoma nzima ilikuwa na mtu mmoja tu waliyekuwa wanamficha.

Pelagia alifika Buswahili jua linazama, kaburi limeshafukiwa. Hawakuweza kusubiri, hata kuingiza mwili ndani ya nyumba hawakuweza. Wanawake walikuwa wamekaa chini uani, miguu wameinyoosha, na karibu na Mama Dorotea palikuwa na nafasi, mahali pa mke wa marehemu. Pelagia alielekea hapo. Kabla hajafika, mtu mmoja aliinuka akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka kando, karibu na walipokuwa wamekaa wageni wa kutoka kiwandani.

"Karibu ukae," alisema.

Kiti kwenye msiba ni cha mgeni. Mjane hukaa chini. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyeinua mkono. Walimpa kiti tu, na Pelagia akakikalia, maana angefanya nini, akakaa juu peke yake huku wenzake wote wako chini wanamlilia mume wake.

Baadaye Mama Dorotea alimjia. Mgambo walikuwa wamewaambia wale wanaume kituoni, kwa kujisifu, kwamba mwenye sikio la Musoma ndiye aliyewauza.

"Mkwe," alisema yule mama. "Ni kweli uliwasikia?"

"Niliwasikia, mama."

"Ukasikia watu wenye msiba, ukaita polisi."

"Hawakuwa wanalia, mama. Sikujua. Wallahi sikujua. Walikuwa wanaongea tu, kavu kavu."

"Walikuwa wanajikaza," alisema Mama Dorotea. "Kwa ajili yako." Akaondoka, na tangu hapo hakumwita tena mkwe, wala Mama Esta. Alimwita Pelagia, kama alivyoitwa kwenye orodha ya mishahara.

Bernado alikaa mahabusu miezi mingi kwa ile sukari. Kesi haikusomwa. Alitoka amekonda, ana kikohozi ambacho hakikumwacha, na siku aliyotoka hakuna aliyemwambia samahani, alipewa mkanda wake wa suruali tu. Uhamisho wa Pelagia ulikuja kama ulivyoahidiwa, mwezi haujaisha. Bunda. Nyumba ya kazi, vyumba viwili. Aliurudisha. Magige aliposikia alisema watu wengine hawajui wanachotaka.

Aliwahi kumfuata mtoto. Mama Dorotea hakumkatalia. Alimwita Esta, akamsimamisha katikati ya uwanja, akamuuliza anataka kwenda na nani. Mtoto alikuwa ameshasikia kila kitu, maana uani hakufichwi neno. Akaenda akashika kanga ya bibi yake. Pelagia akaacha viatu alivyomletea juu ya jiwe, akarudi Musoma. Aliendelea kwenda, mara mbili tatu kwa mwaka. Kila alipoingia, mazungumzo yalikatika. Si kwa ugomvi. Walinyamaza tu, wakamuuliza mvua za huko mjini, wakamwandalia chakula kizuri cha mgeni, wakamsindikiza mapema. Akishafika mbali kidogo, alikuwa anasikia nyuma yake watu wameanza tena kuongea na kucheka. Lile sikio halikumwacha asisikie.

Halafu dunia ikageuka upande wa pili, kama mtu aliyechoka kulalia ubavu mmoja. Ruhusa zikatolewa, maduka yakajaa. Sukari ya kila rangi ikapangwa barabarani Nyasho, inanyeshewa mvua, inakosa wateja. Ambacho watu walivunjwa mbavu kwa ajili yake kikaitwa biashara huria, na tukahimizwa kukifanya. Yule mama wa Mwisenge hakupata tena mtaji. Bwana Magige aliupata; aliacha kamati, akafungua duka la jumla lenye malori mawili, na mlangoni mwake palikuwa na foleni ya akina mama wanaomshukuru kwa bei. Kila akimwona Pelagia alimpungia mkono kwa furaha. "Opereta wangu! Chukua hata kilo, nitakupunguzia." Pelagia alikunywa chai yake bila sukari. Watu walidhani ni ugonjwa.

Kazini aliacha kabisa kuigusa ile swichi. Aliunganisha, akageuza uso, akaangalia dirishani mpaka kijitaa kizimike chenyewe. Wateja walilalamika kwamba wanaachwa kwenye laini iliyokufa, na alipewa onyo mara kadhaa. Na kwa miaka yote ile hakuna mtu wa ukoo wa Ngolo aliyepiga simu kupitia Musoma. Walioana, wakazaa, wakauza ng'ombe, wakaugua, yote kwa kutumana kwa miguu na baiskeli. Habari za Esta kufaulu darasa la saba alizipata kwa muuza samaki. Za Esta kwenda kuishi Bunda, kufanya kazi kwenye hoteli ya chakula, alizipata kanisani kwa mtu aliyedhani yeye ameshazijua.

Mwishoni mwa kipindi hicho likaja tangazo kwamba mtambo mpya unaletwa, unaounganisha watu wenyewe bila mkono wa mtu. Maopereta watapunguzwa. Wenzake walilia, wakaandika barua, wakaenda mkoani. Pelagia alisaini siku ile ile. Bwana Florian alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao kulima mihogo, kwa hiyo hapakuwa na hata mtu wa kuagana naye vizuri.

Zilikuwa zimebaki siku chache ubao uzimwe, asubuhi moja tulivu, kijitaa cha Bunda kilipowaka. Akachomeka.

"Musoma, nikusaidie."

"Namtafuta opereta mmoja hapo," ilisema sauti ya mwanamke kijana. "Pelagia Wanzagi."

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

Pelagia aliipitisha sauti ile kwenye kumbukumbu yake yote, wateja, majirani, wanakwaya, watu wa miaka na miaka, hakuna ilipoingia.

"Ni Esta, mama."

Alishika ukingo wa ubao kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kuisikia sauti ya mwanawe kwenye simu. "Esta," alisema. "Mwanangu. Hujambo? Unapiga kutoka wapi? Umekula?"

"Bibi amekufa," alisema Esta. "Juzi. Tumeshazika."

Aliisema moja kwa moja, kwa sauti ile ile. Hakuna aliyetumwa kuja kusema mtoto ana homa. Hakuna aliyengojea mlangoni. Nyuma ya Pelagia opereta mwenzake alikuwa anakula karanga na kusoma gazeti, na vijitaa vingine vilikuwa vinawaka.

"Esta," alisema. "Mwanangu, kwa simu? Wananiambia kwa simu? Hata Bernado hakuona wa kumtuma?"

"Bamdogo alitaka kuja," alisema Esta. "Alishaazima baiskeli. Bibi ndiye aliyekataza, kabla hajakata roho. Alisema yule msimfiche. Mkimficha, ataita polisi."